Ukuta Bila Ngazi

9 Julai

Mwanangu Siafu,

Shikamoo uliyomtuma dereva wa basi imefika. Marahaba, ingawa shikamoo ya kutumwa huwa inafika imepoa. Sisi huku wazima. Mama yako mzima pia, ila goti ndilo linalomwonea, na kila asubuhi analitukana kwanza kabla hajamsalimia mtu. Anauliza kama unakula. Mimi ndiyo vile unavyonijua, bado nafundisha watu kuogelea, bado sauti yangu inasikika ng'ambo ya pili, na bado wananiita Kambale mimi mwenyewe nikisikia.

Usinilaumu kwa kuandika barua zama hizi. Simu yangu ilikwenda na mafuriko ya mwaka jana na sina mpango wa kununua nyingine. Nilikuwa napigiwa nikiwa ndani ya maji, mwanafunzi mzito kanikaba shingo, huku ukingoni simu inalia kama mtoto mwenye njaa. Sasa anayenitaka anifuate au aandike.

Haya, nina jambo. Mwezi wa nyasi umekwisha. Wewe umekulia humu, lakini huko mjini mnasahau, basi nakukumbusha. Mvua zikikatika tunafunga kamba kutoka darajani hadi kwenye kinu cha unga, na mwezi mzima wa Juni hakuna anayekanyaga ukingo. Hakuna kuogelea, hakuna mitumbwi, hata wacheza drafti wanahamishia ubao wao kwa mwokaji wa mikate. Tunaacha nyasi zishike udongo. Bila hivyo ukingo wenyewe ungekuwa umekwenda zamani, na sisi pamoja nao.

Sasa katikati ya Juni wakaja vijana wawili na mabuti yao na ile darubini ya miguu mitatu. Wakaruka kamba! Wakakanyaga nyasi changa kama wanacheza ngoma. Nikawapigia kelele mpaka koo likakauka. Wakatazama kulia, wakatazama kushoto, wakaandika, wakaenda zao. Hawakumuuliza mtu hata jina la mto.

Mwokaji anasema ni watu wa ofisi yenu, na kwamba kuna ukuta unakuja. Wewe uko humo humo jikoni. Niambie kinachopikwa.

Ni mimi shangazi yako.


2 Agosti

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Hii sikumtuma mtu, naileta mwenyewe. Mwambie Mama nakula, na kwamba ile dawa ya kuchua niliyotuma si ya kupaka mara moja kwa wiki akikumbuka. Mimi mzima. Nimehamia chumba kingine, ghorofa ya nne, dirisha moja linatazama ukuta wa jirani. Joto la huku haliniachi nilale, lakini ofisini kuna kiyoyozi, kwa hiyo siku hizi nawahi kazini kuliko mlinzi. Wenzangu wanadhani natafuta cheo.

Umeniuliza mambo ya ofisini. Unajua kuna mengine hayasemwi kabla ya wakati wake. Ninachoweza kusema ni kwamba baada ya mafuriko yale serikali haiwezi kukaa na kukunja mikono, na kitakachofanyika kitafanyika kwa usalama wenu.

Ila na mimi nina jambo, Shangazi. Naomba ufikirie kuhamia kule mlimani, karibu na hospitali. Kuna nyumba nzuri za kupanga, wewe na Mama mngetoshea. Ama njooni kwangu kwa miezi miwili mitatu. Mvua siku hizi hazina adabu, zinakuja zikitaka. Kila wingu likifunga huku kwetu mimi naacha kalamu nakimbilia dirishani, na mto wenyewe siuoni hata kwa ramani.

Usikasirike. Nimekuomba tu.

Mwanao.


19 Agosti

Siafu,

Marahaba, na mama yako anakusalimu. Dawa anapaka. Anasema inanuka kama petroli lakini goti limenyamaza.

Nihamie mlimani nikamfundishe nani kuogelea, mbuzi? Na huko kwako ghorofa ya nne nitafanya nini, nitazame ukuta wa jirani? Ahsante, kuta zimeanza kunifuata huku huku.

Maana tangazo limebandikwa. Lina muhuri na picha ya rangi, watu weupe waliochorwa kwa kompyuta wanatembea na mbwa ambaye hajapata kuonekana hapa. Mradi unaitwa “Mji Unaokalika”. Ukuta wa zege, mita tatu kwenda juu, kutoka darajani hadi kinuni, mwanzo mwisho. Nikautafuta mlango kwenye ule mchoro, sikuuona. Nikatafuta ngazi hata moja ya kushukia majini, hamna. Nikaazima miwani kwa mwokaji, na kwa miwani ya mwokaji pia hamna. Halafu chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, wameandika: “Ukingo wa mto: hautumiki.”

Hautumiki! Loo! Nilisimama pale nikacheka mpaka mwenyekiti wa mji akachungulia dirishani kuona nani amepandwa na wazimu.

Nisikilize vizuri, bibi mhandisi. Unaujua mji huu saa sita mchana kuanzia Septemba. Ni sufuria lililofunikwa. Zamani ukali wa joto ulikuwa miezi miwili, sasa ni mitano, na ile miti ya barabara ya soko waliikata walipoipanua, wakatuachia kivuli cha nguzo za umeme. Fundi cherehani anashindwa kushika mkasi. Mwokaji anatoka kwenye tanuri na aproni yake anaingia nayo majini hivyo hivyo, ikielea mbele yake. Walimu wanafunga madarasa ya bati na kuleta watoto ukingoni. Saa nne kila siku nina darasa la bibi, wanawake wazima wenye wajukuu, wengine wana presha, na daktari mwenyewe ndiye anayewaleta kwangu. Saa kumi vijana wana mpira wao kwenye mchanga na wapenzi wana mitumbwi yao, wakidhani hatuwaoni. Hicho ndicho kinachoufanya mji huu ukalike. Tuondolee mto, mji huu utakalika na mijusi.

Wale vijana walikuja mwezi wa nyasi, wakakuta patupu, wakaandika patupu. Kosa limefanyika, linarekebishika. Waambie wakubwa zako warudi mwezi huu wahesabu vichwa. Sikatai ukuta. Mafuriko niliyaona kwa macho haya. Nataka ngazi tu.

Nijibu upesi. Huku hawachelewi wakianza.

Shangazi yako.


25 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo. Mimi sijambo, kazi ni nyingi.

Kuhusu tangazo: taarifa ya wapimaji ni ya kitaalamu na imekwishapitishwa. Ngazi ni udhaifu kwenye ukuta, kila tundu ni mahali pa maji kuingilia. Kwa wanaopenda kuogelea, mpango wa awamu ya pili una wazo la bwawa la kisasa, fedha zikipatikana.

Nadhani Baba angekuwepo angeunga mkono. Yeye alikuwa mtu wa kupenda mambo yaliyopimwa.

Nasikitika kwamba umeumia. Nisalimie Mama.

Mwanao.


11 Oktoba

Wewe mtoto,

Leo sina salamu. Mama yako anazo, atakuandikia mwenyewe.

Wamezungushia ukingo wote uzio wa mabati. Kibao kinasema “Hatari, Usiingie”, kimepigiliwa pale pale wanafunzi wangu wanapoanikia nguo. Tangu wiki iliyopita hakuna aliyegusa maji, na jua la mwaka huu limekuja na visasi. Bibi zangu wa saa nne wanakuja kama kawaida, wanakaa nje ya mabati na taulo mabegani, wananitazama.

Mmoja wa wale vijana wa darubini amerudi kupigilia vigingi. Kijana mwenyewe si mbaya, ana njaa tu. Aliingia kwa mwokaji kunywa chai, mwokaji akamuuliza kwa upole mbona mlikuja Juni, mwezi ambao hata mbwa hapiti ukingoni. Yule kijana akajibu, bila hila yoyote, mdomo umejaa mkate: “Sisi tulipanga kuja Mei. Mama mhandisi ndiye aliyesema tusubiri. Alisema Juni ndiyo nzuri, hakuna bughudha.”

Mwokaji alinieleza hayo akiwa ameshika meza. Mimi nilikuwa nimeshika mkate, nikauweka chini.

Ni wewe. Kumbe nilikuwa nakuomba urekebishe kosa la watu, na wewe mwenyewe ndiye uliyelipanga! Ulikuwa unajua. Kamba ile umeifunga na mimi tangu huna meno ya mbele. Miezi mitatu unanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, sijui usalama, sijui utaalamu, sijui bwawa la kisasa fedha zikipatikana. Unajitia hamnazo mbele ya mtu aliyekubeba mgongoni!

Niambie kwa nini, na uniambie wewe, usinipe tena barua ya ofisi. Na ujue jambo moja: ukuta ule utasimama na ngazi, ama nitaupanda na kamba, mimi na bibi zangu, mmoja mmoja, na goti la mama yako likiwa la kwanza.

Kambale.


20 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Utaitikia au hutaitikia, nimekuamkia.

Ndiyo, ni mimi. Sitajificha nyuma ya wapimaji. Niliujua mwezi wa nyasi na ndio nilioutaka. Kama wangekuja Mei wangewakuta mmejaa kama kuku sokoni, wangeandika “burudani”, na burudani huwekewa ngazi, vikalio na taa. Nilitaka ukuta usio na mwanya, upande wote, ili mto ukae kwake na nyinyi mkae kwenu.

Unauliza kwa nini, wewe? Siku ya mafuriko nilikuwa huku. Niliambiwa kwa simu kwamba maji yamemchukua Baba. Nilipofika mlikuwa mmeshamwosha, amelala kwenye meza yake ya kutengenezea redio kwa sababu ndiyo pekee iliyobaki. Baba yangu! Mtu aliyeuvuka mto ule ujanani, kwenda na kurudi bila kupumzika. Alinisimulia mwenyewe mara mia, na mimi nikawasimulia shule nzima. Kama mto uliweza kummeza yeye, utamwacha nani? Utawaacha wale bibi wenye presha? Utamwacha Mama?

Na wewe, Shangazi. Haukuisha hata mwezi tangu tumzike. Nilikuwa darajani nasubiri basi la kunirudisha, nikakuona. Ulikuwa majini mpaka kifuani, umemshika mtu mikono, na ulikuwa unacheka. Ndugu yako tumbo moja yuko udongoni na wewe unacheka na kitu kilichomuua. Nilipanda basi na sikugeuka. Tangu siku hiyo nilijua nitafanya nini, na nilipopewa mradi ule nilishukuru Mungu.

Umesema nijibu mwenyewe, nimejibu. Ningeambiwa nianze upya kesho, ningechagua Juni ile ile. Nichukie. Bora unichukie ukiwa hai.

Mwanao.


30 Novemba

Siafu,

Marahaba. Shikamoo haikataliwi, hata ikiletwa na mtu mwenye kisu.

Nimekawia kwa sababu kila nilichoandika nilikichana. Cha kwanza kilikuwa matusi matupu, cha pili kilikuwa machozi, na wewe hustahili vyote viwili. Nitakupa habari kwanza, halafu nitakupa nyingine ambayo sikutaka kukupa.

Mama yako alianguka. Sasa ni mzima, usipande basi. Ilikuwa mchana, umeme umekatika, bati linalia, na mto ndiyo hivyo umefungiwa. Alikuwa anatoka chumbani kwenda kuchota maji ya kujimwagia, miguu ikamkataa. Nilimkuta mlangoni ngozi imekauka, inachoma kama pasi, anaongea maneno hayaeleweki. Hospitali iko mlimani na gari hamna. Nilipiga kelele, mwokaji akaja mbio, akambeba. Fundi cherehani akaja na mkasi wake wa kukatia turubai, na mabati yenu ya serikali tukayafungua kama kopo la samaki. Tukamwingiza majini mpaka shingoni, mimi nimemkumbatia kwa nyuma, namwagia kichwa. Alipopata fahamu kitu cha kwanza alimtukana mwokaji kwa kumwona bila kitambaa kichwani. Hapo ndipo nilipolia.

Alinikataza kukuandikia. Namkaidi.

Lile tundu hatujaliziba. Polisi walikuja siku mbili, siku ya tatu walivua viatu wakaingia.

Halafu mwenyekiti akaitisha kikao cha kutoa maoni, kwenye ukumbi mpya wenye viti vya kitambaa. Kwa makusudi alikiweka saa sita, akijua tutakuwa wapi. Tukatoka majini, tukaenda kama tulivyo. Bibi wa saa nne, mwokaji na aproni yake, walimu, watoto, wacheza drafti ambao hawajapata kulowa maisha yao. Tulikaa kwenye viti vya kitambaa, wote, tunachuruzika. Maji yakashuka ukumbini mpaka kwenye viatu vya mkandarasi wa ukuta, naye amesimama anasoma “ukingo hautumiki”. Watu wakaanza kucheka kutoka nyuma. Nikasimama nikamwambia, “Baba, geuza ukurasa uandike upya, na uinue miguu, tusije tukakulowesha.” Mwenyekiti akasema yeye hana neno, mchoro ni wa ofisi, aliyeuchora ndiye anayeweza kuufuta. Kwa hiyo tumerudi kwako.

Sasa baba yako. Niliapa sitalisema, na leo nalisema. Akasirike huko aliko, nikifika nitamjibu.

Baba yako hakufa mtoni. Alifia mtaani, mbele ya duka lake, maji yakiwa hapa kwangu kifuani. Alikuwa anapandisha redio za watu kwenye rafu ya juu, zikamchelewesha. Alipotoka alikanyaga mtaro, mguu ukateleza, akaanza kupigana na maji badala ya kuyalalia. Mtaa ule ule, saa ile ile, bibi zangu walishika mlango uliong'oka wakaelea nao mpaka paa la mwokaji, wanaitana majina wasipoteane. Wote wazima mpaka leo. Na mimi nilikuwa upande wa pili wa soko na watoto wa watu mikononi. Nilipomfikia alikuwa ameshanyamaza.

Hakujua kuogelea, mwanangu. Hakuwahi kuvuka mto wala nusu yake. Alipokuwa mtu mzima, wewe una miaka kama mitano, alinijia alfajiri moja na kuniomba nimfundishe kwa siri. Akakunja suruali, akaingia mpaka magotini. Mtu akapita darajani na baiskeli. Baba yako akatoka, akavaa viatu bila hata kujifuta, akasema amekumbuka kuna redio ya mtu inamsubiri. Sikumfuata. Nilimwonea haya kwa niaba yake, nikamwacha aende. Baadaye akaniapisha nisikwambie, kwa sababu ulikuwa umeshamtangaza shule nzima kuwa ni bingwa. Mama yako anajua. Muulize.

Siku ile ya darajani uliniona nacheka, ni kweli. Aliyekuwa mikononi mwangu alikuwa mwenyekiti wa mji, mwanamume mzima na kitambi chake, ameelea kwa mara ya kwanza, anaita mama yake. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimempata mmoja. Usiku nililia kama kila siku, wewe hukuwepo kuona hilo.

Chora ukuta wako. Siku mvua itakapouzidi, na unajua kuliko mimi kwamba siku hiyo ipo, utakuta nyuma yake mji mzima wa watu kama baba yako.

Shangazi yako.


6 Februari

Shangazi,

Shikamoo.

Nimekawia kwa sababu nilikuwa na ya kufanya kwanza. Nilimpigia Mama kupitia simu ya mwokaji, nikamuuliza habari ya Baba. Alicheka sana, akasema, “Yule? Yule alikuwa anaogopa hata beseni.” Halafu akalia, na mimi nikalia, na mwokaji akatukumbusha kwamba simu ni yake.

Kwa muda nilikukasirikia wewe. Halafu nikamkasirikia yeye, na hilo ndilo lilikuwa gumu, maana marehemu hakujibu. Redio za watu, Shangazi! Alikufa kwa redio za watu na kwa mpita njia wa baiskeli.

Nilikwenda kwa mkuu wangu nikamwambia kipimo cha Juni hakifai na mimi ndiye niliyekiharibu, kwa kujua. Alinitazama kama nimevua nguo. Hasira zake zilisikika mpaka kwa mlinzi. Mradi unaofuata nimenyang'anywa, amepewa mwenzangu, na chai siku hizi nakunywa peke yangu. Sawa tu. Desemba waliwatuma tena wale vijana. Taarifa yao ninayo mezani: wameandika kwamba walishindwa kufanya hesabu kamili kwa sababu mji mzima ulikuwa majini na baadhi ya watu walikuwa wanapiga mbizi makusudi wasihesabike, kisha wanaibuka na kuhesabiwa mara mbili. Sijauliza ni nani aliyewafundisha.

Mchoro mpya umepita. Ngazi mbili, moja kwa mwokaji na moja kinuni, pana, watu sita wanashuka bega kwa bega. Zina vyuma vya kushika kwa ajili ya magoti mabovu. Juu kuna malango ya chuma yanayofungwa mto ukipanda, na ufunguo utakaa kwa mwenyekiti, siyo kwako, kwa sababu nakujua. Nimepanga na miti, safu mbili, ambapo walikata ya barabara ya soko. Nimeweka pia kulabu ukutani kwa ajili ya kamba ya Juni.

Ukuta wenyewe haupungui hata sentimita moja, na hapo usinijaribu. Nimekubali ngazi, sijakubali kwamba nilikosea kuogopa. Bado naogopa. Hata leo wingu likifunga naacha kalamu.

Sasa la mwisho, ambalo hukuniuliza. Wewe uliniona miaka yote ile nimekaa ukingoni, viatu mkononi, wenzangu wanaruka. Ulinibembeleza, ukanitania, ukanipa mpaka pipi. Ulidhani naogopa maji. Siku hizo nilikuwa siogopi kitu. Nilikuwa namsubiri Baba. Alisema nisifundishwe na mtu yeyote, bingwa atamfundisha binti yake mwenyewe, mwakani. Kila mwaka alisema mwakani. Nikamsubiri mpaka nikawa mkubwa, nikaona aibu kuomba.

Nakuja Machi, Jumamosi ya kwanza. Niingize kwenye darasa la saa nne, na wale bibi. Nimenunua nguo ya kuogelea, nimeijaribu mbele ya kioo nikaivua haraka.

Nakuomba kitu kimoja tu. Msinicheke.

Mwanao.


14 Februari

Siafu wangu,

Marahaba, marahaba, hiyo ya pili ni ya Oktoba, nilipokunyima. Mama yako mzima. Barua yako ameisoma mwenyewe, kisha akawasomea watu dukani kwa mwokaji, ile siri yako akaisoma kwa sauti ya juu zaidi. Umeshajulikana mji mzima, usijisumbue kuja na miwani ya jua.

Ukuta wako siupendi, na sitaupenda, na mita tatu ni nyingi. Tutagombana juu yake ukifika. Ufunguo kuwekwa kwa mwenyekiti nimesikia, nitazungumza naye, bado hajajua kuogelea kwa mgongo na ananihitaji. Lakini zile ngazi nilizitazama kwenye mchoro uliokuja na barua, kwa miwani ya mwokaji, nikahesabu, nikarudia kuhesabu. Zimechorwa na mtu anayewajua wanaoshuka. Ahsante, mwanangu. Sikudhani nitaliandika neno hilo mwaka huu.

Umeomba tusikucheke. Tutakucheka. Nitaanza mimi, mama yako atapokea, na bibi zangu watamalizia, maana hawajapata kumfundisha mhandisi. Utakunywa maji, yatapitia puani, utakohoa, utatafuta viatu vyako kwa macho, na watu watakuwa wamejaa darajani na baiskeli zao wanakutazama, nimeshawaambia waje. Ukigeuka kutaka kutoka nitakushika kiuno. Ukiponyoka nitakufuata mpaka stendi na maji yanichuruzike, nikurudishe mbele ya abiria wote.

Mmoja nilimwonea haya nikamwacha atoke. Wewe hutoki mpaka uelee.

Shangazi yako.